Mashine za makunyanzi Malindi, tuambiwe ni za aina gani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya hizi mashine za kuondoa makunyanzi usoni ambazo saluni za hapa Malindi zinazitangaza kwenye status za WhatsApp, ati unaingia asubuhi ukitoka mchana uso umekaza, hakuna kisu hakuna sindano. Tangazo linasema tu mashine ya kisasa. Ya kisasa gani? Hapo ndipo penye neno.

Maana ziko aina nyingi, kuna za mwanga kama leza na IPL, ile ya mimweko ya mwanga mkali, kuna za mawimbi ya redio, kuna za altrasaundi. Zote zinafanya kazi kwa joto, ngozi ya ndani ikipashwa kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi, inajikaza halafu mwili unatengeneza nyingine mpya pole pole, ile ya altrasaundi inaingia hadi milimita 4.5 na kupasha vidoti vidogo mpaka nyuzi 60 au 70. Sasa mwanga unanyonywa na melanini, rangi yetu wenyewe, kwa hivyo mashine iliyosetiwa kwa Mzungu akipigwa nayo mtu mweusi joto linaishia juu juu na kumchoma. Redio na altrasaundi hazichagui rangi, ingawa mkononi mwa asiyejua nazo zinaunguza. Na leza inayofaa zaidi ngozi nyeusi ipo, inaitwa Nd:YAG, urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1064, lakini wangapi wanaambiwa?

Mamangu mdogo alimulikwa karibu na harusi ya bintiye. Mashavuni amebaki na alama nyeusi za mstatili, zimepangana kama ukili wa mkeka, mpaka leo mtandio hautoki usoni, na alipowarudia wakamwambia eti ni uchafu unatoka. Uchafu! Ile ni ngozi iliyoungua.

Tena huo uso wa siku moja haupo, kolajeni mpya inataka miezi miwili mitatu, pengine hata sita, na hata hivyo haifikii upasuaji.

Kaunti ya Kilifi na baraza la madaktari wapite saluni hizi, kila mashine iandikwe aina yake mlangoni na anayeishika amesomea wapi. Na nyinyi mama zangu na dada zangu, ukitoka kuchomwa na jua la ufuoni usikubali leza, na kabla hujalala pale kitandani uliza ni mwanga au ni nini, mwambie ajaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio usubiri uone, akikataa chukua mkoba wako utoke.

Msomaji wenu,
Malindi