Kipindi cha Jumamosi: Fela, Mbarga na kelele zenu

Habari za jioni wanakikundi. Nimesoma jumbe zenu zote kuhusu nyimbo zilizopigwa redioni kwenye kipindi cha Jumamosi, na za sauti nimesikiliza pia (mzee wetu wa Tanga, ile ilikuwa hotuba!).

"Sweet Mother" ya Prince Nico Mbarga, ya 1976, haikuleta ubishi. Hata wasiojua pijini (Kiingereza cha mtaani cha Afrika Magharibi) wameimba. Ugomvi wote ni wa Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria. Kuna mnaolalamika kwamba wimbo wake "Zombie" una dakika 12 hivi na mmechoka kusubiri aanze kuimba. Wengine mmekasirika kwamba mtangazaji aliukata katikati. Mimi niko na hawa wa pili. Fela hakutunga kwa kipimo cha redio: ala zinatangulia, ndipo yanapoingia maneno ya kuwakejeli wanajeshi wa Nigeria. Ukiukata, umebaki na mdundo bila hoja.

Vijana mnaosema Burna Boy, nyota wa Nigeria wa siku hizi, anatosha, sawa, ila babu yake aliwahi kuwa meneja wa Fela, kwa hiyo msijitenge sana.

Wanaotaka highlife (muziki wa dansi wa Ghana) ya E.T. Mensah wiki ijayo waandike hapa kabla ya Alhamisi, nipeleke maombi kwa pamoja. Matusi kwa mtangazaji nitayafuta.