Ulisubiri kicheko kiishe

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mchezo unauleta Moshi Desemba hii, watu wakiwa wamerudi nyumbani, na unaniomba nikutafutie ukumbi. Mara tatu nimeshika simu nikujibu, nikashindwa. Naandika hapa kwa sababu tukiongea kwenye simu wewe unajua kupanga maneno na mimi naishia kulia, na anayelia hasikilizwi.

Usidhani nina wivu. Nani alishika kitabu nyuma ya zizi ulipokuwa unakariri maneno ya Shailoki? Ile Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare aliotafsiri Mwalimu Nyerere, jalada limechanika, nikikurudisha mwanzo kila ulipokosea. Ulibeba mizani ya baba ya kupimia kahawa ukaenda nayo shuleni bila ruhusa, na ulipoinua kisu bwalo zima lilinyamaza. Baba alipoitafuta mizani yake, nilimwambia nimeiazimisha kwa jirani. Nilikudanganyia, na ningekudanganyia tena.

Ulipokwenda Bagamoyo, ukumbi mkubwa wa chuo cha sanaa ulikuwa umeungua mwaka uliotangulia, 2002. Ukatuandikia kwamba mnasomea jukwaa na jukwaa hakuna. Baba akaikunja barua, akasema, "Si nilimwambia?" Nauli ya likizo nilituma mimi. Halafu ikaja ile miaka ya michezo ya UKIMWI, leo mnaigiza sokoni, kesho kwenye uwanja wa shule, mfadhili akiondoka na kundi linavunjika. Kisha televisheni, ukaanza kuitwa stendi kwa jina la yule baba mwenye nyumba uliyemwigiza, mpaka makonda wakawa wananiita mimi dada yake.

Baba alikukubali, sijui kama nilishawahi kukwambia. Alipofariki Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, Aprili 2012, alikaa mbele ya televisheni tangu asubuhi akiutazama ule umati. Hakusema neno mpaka jioni. Ndipo akauliza, "Na huyu wetu anafanya kazi hiihii?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe wanapendwa hivi." Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba ungesomea ualimu.

Sasa tuje kwenye lile.

Nilimtoa mama Kibosho alfajiri, tukapanda basi, miguu ikamvimba njiani, tukafika Dar usiku. Kesho yake ukatuketisha mstari wa tatu. Ulikuwa umeandika mwenyewe, umeongoza mwenyewe, na mzee wa kwenye mchezo ulimwigiza mwenyewe. Ulipoingia tu nilijua. Ule mwendo wa bega moja limeshuka. Ile namna ya kukohoa kwanza ndipo aongee. Mama alinishika mkono. Kisha ukalala kwenye kile kitanda, ukainua kichwa kidogo, ukauliza: "Ng'ombe wamekunywa maji?"

Na mama akajibu. Kwa Kichaga, kwa sauti kabisa, kama anamjibu mtu aliye chumba cha pili, kwamba wamekunywa.

Watu wakacheka. Siwalaumu, hawakumjua. Wewe ulimjua. Ulinyamaza ukasubiri kicheko kiishe, kisha ukageuza kichwa upande wetu, ukauliza tena. Mama akajibu tena. Ukumbi ukapiga makofi.

Lile swali ulilipata kwangu. Baba aliuliza vile hospitali, usiku wa mwisho kabla hajapoteza fahamu, na ng'ombe wenyewe nilikuwa nimewauza wiki moja nyuma kulipia dawa. Nikamwambia, "Wamekunywa, baba." Nikatoka nje kwenye korido nikakupigia simu, nikakusimulia nikilia, kwa sababu nilihitaji mtu mmoja duniani ajue kwamba nimemdanganya baba yangu anakufa. Nilimsimulia mdogo wangu, sikumsimulia mwandishi.

Ulinieleza baadaye kwamba mwigizaji hasemi watu wakiwa bado wanacheka, akisema maneno yanapotea. Najua. Ukasema mwandishi Ebrahim Hussein naye alimchukua Kinjeketile wa Vita vya Maji Maji, mtu aliyeishi kweli, akamfanya Kinjeketile wake wa jukwaani. Sawa. Lakini Kinjeketile alinyongwa 1905 na mchezo ukaandikwa miaka ya sitini. Mjane wake hakukaa mstari wa tatu. Na nilipokuuliza kwa nini ulirudia swali, ukasema ulitaka kumsikia mama tena. Sijui nilifanyie nini jibu hilo. Kuna siku naliamini.

Mama anasema hakuumia. Anasema alimwona baba akiwa mzima kidogo, na kila mgeni anayekuja anamsimulia. Ni mimi niliyeumia, basi. Lakini ni mimi niliyefunga kibanda changu cha mitumba soko la Memorial miezi saba nikimgeuza baba kitandani, wewe ukiwa kwenye kurekodi. Sikudai chochote. Mtu alipaswa kubaki, na wa kubaki alikuwa mimi, na sikufanya vibaya.

Nakushauri kama dada yako: rudi jukwaani. Televisheni inakulisha, lakini kule unaigiza watu usiowajua na inaonekana. Na usije ukanitumia jani la isale, lile la kuombea msamaha, kupitia kwa mjomba. Likinifikia siwezi kukataa, na mimi bado sijamaliza kukasirika.

Ukumbi nitautafuta. Nimeshaongea na mtu mmoja kanisani, anataka kujua viti vingapi na kama mnakuja na jenereta. Mama nitakaa naye mimi. Ukifika pale pa ng'ombe, yeye atajibu, huwezi kumzuia. Watu wa huku wanamjua, huenda wasicheke. Wakicheka, usingoje. Endelea na maneno yako.

Na lile koti ulilovaa siyo. Lake ni la kahawia, kifungo cha chini hakipo, mfuko wa kulia umetoboka kwa sababu alikuwa anaweka misumari. Limetundikwa nyuma ya mlango wa mama. Sijalifua. Njoo siku mbili kabla, ulijaribu.

Dada yako