Jumamosi: mawimbi na mwanga, kidato cha tatu

Walimu wenzangu, habari za jioni. Kipindi kipo palepale, saa 3 asubuhi, maabara.

Naomba tusianze na fomula. Tuanze na kamba: wawili washike ncha, mmoja atikise, na kitambaa kifungwe katikati. Wataona wimbi linasafiri ila kitambaa kinapanda na kushuka tu, hakiendi popote. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tusiwe na haraka.

Kupinda kwa mwanga tutatumia sarafu ndani ya bakuli. Mwanafunzi arudi nyuma mpaka sarafu ipotee, mwenzake amimine maji taratibu, ionekane tena. (Mwaka jana mmoja aliapa tumebadilisha bakuli.)

Kisha unywele mmoja, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ubandikeni mbele ya leza nyekundu, chumba kiwe giza. Ukutani, mita 2 mbele, badala ya kivuli cha unywele utatokea mstari wa madoa yaliyotenganishwa na giza. Unywele wa milimita 0.08 na leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hutoa nafasi ya sentimita 1.6 hivi kati ya giza na giza. Wakizidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, wakagawanya kwa nafasi hiyo, wanapata unene wa unywele wao. Kwa rula ya kawaida!

Leza ibaki mikononi mwa mwalimu, isielekezwe machoni hata kwa utani.

Mwenye CD za zamani alete, tutazitumia kuchambua rangi za jua. Mwalimu wa Kemia, mapazia meusi tunakutegemea wewe.