Barua kwa mwanangu kuhusu karatasi yake ya damu

Mwanangu mpendwa,

Karatasi ya majibu ya damu uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, macho yakang'ang'ania jina lako pale juu, sikuelewa kitu. Mara mbili zilizofuata niliisoma kama mtu aliyekaa maabara miaka 26, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Maneno haya nataka uweze kuyarudia.

Unasema umesoma kwamba ukizigawanya neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, utajua mapema kama kisukari kimeanza kuyagusa macho. Ukagawanya, ukapata 1.9, ukaona mwaka huu hakuna haja ya kwenda kuwekewa matone ya kupanua mboni. Kugawanya umegawanya sawasawa. Hilo la kutokwenda ndilo lililoninyima usingizi.

Ulichokisoma si uzushi, na sitaki ukidharau. Chembe nyeupe ni pana kuliko baadhi ya mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayotakiwa kupita. Ili ipite lazima ijibane, ijinyooshe, itokee upande wa pili ndipo irudie umbo lake. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe hizo hukakamaa, na wakati huohuo ukuta wa ndani wa mshipa huota protini za kunasia, ukawa kama kijiti kilichopakwa ulimbo. Neutrofili ikipita hapo, inanasa. Nyuma yake damu inakwama. Seli zinazoushikilia mshipa kwa nje, ziitwazo perisaiti, hufa mojamoja, ukuta hulegea na kutoa vifundo vidogo mno. Vifundo hivyo ndivyo dalili ya kwanza anayoiona daktari wa macho, na mwenye jicho wakati huo hana habari: anasoma, anatunga uzi kwenye sindano, haumwi popote.

Ndipo watafiti wakasema: kama chembe nyeupe zimo katika shughuli hii, tuzitazame kwenye kipimo cha picha nzima ya damu, ambacho karibu kila mgonjwa hufanyiwa. Mwili ukiwa katika mapambano, neutrofili hupanda na limfosaiti hushuka. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye kisukari ambao retina imeanza kuharibika wana wastani wa uwiano huo ulio juu kuliko wenzao. Wengine wanaangalia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, wingi wake na ukubwa wake, na hata namna chembe nyekundu zinavyotofautiana ukubwa. Ni kazi nzuri. Ningekuwa bado kazini ningeomba niwemo.

Ila hizo ni habari za makundi, mwanangu, na wewe ni mtu mmoja. Ukizipanga namba za wenye ugonjwa kando ya namba za wasio nao, zinaingiliana sana, na 1.9 yako utaikuta pande zote mbili. Hakuna kiwango kilichokubaliwa ambacho ukiwa chini yake daktari atakwambia macho yako ni mazima.

Na mimi namba hizo nazijua zinavyozaliwa. Tulipokuwa tukihesabu kwa hadubini, tulihesabu chembe nyeupe 100 kwenye slaidi, tukaandika ngapi ni za aina gani. Mtu mwenye neutrofili 60 kwa 100, ukirudia slaidi ileile unaweza kupata 52, ukirudia tena ukapata 67, na hujakosea popote, ni bahati ya chembe zilizokuja mbele ya jicho. Mashine siku hizi zinahesabu maelfu, kosa hilo limepungua. Lakini mashine haijui kama asubuhi ile ulipanda ngazi mbio, kama una jino bovu, kama unavuta sigara, au kama ulikuwa kwenye prednisolone, dawa inayopandisha neutrofili na kushusha limfosaiti kwa pamoja. Ukubwa wa chembe sahani nao una yake. Damu ikikaa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile dawa ya kuzuia isigande inazifanya chembe sahani zivimbe kadiri saa zinavyopita. Nimewahi kuona sampuli moja ikitoa majibu mawili tofauti, asubuhi na alasiri, kwa sababu tu ilisahaulika mezani.

Jambo ninalolifikiria zaidi ni umri wa chembe zenyewe. Neutrofili huzunguka kwenye damu kwa saa chache tu, kisha huondoka. Uharibifu wa retina hujengeka kwa miaka. Unamwita shahidi aliyefika leo asubuhi, unamuuliza habari za mwaka juzi. Chembe nyekundu angalau huishi siku kama 120, ndiyo maana HbA1c, kipimo cha sukari iliyojishika kwenye himoglobini ya chembe hizo, inaweza kukupa wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Hiyo pia humdanganya mtu ambaye chembe zake nyekundu hufa mapema, kama mwenye selimundu: inashuka wakati sukari haijashuka.

Sasa nikueleze nisichowahi kukueleza sawasawa. Unajua jicho langu la kushoto lilitibiwa kwa leza. Hujui lilivyoanza. Nilipogundulika na kisukari, niliambiwa niende kwa daktari wa macho. Sikwenda, miaka minne. Nilikuwa naona vizuri, na kazini kila nilipotaka nilijipima damu. Namba zangu zilikuwa za kupendeza, nikazifanya ndizo uchunguzi. Asubuhi moja nikiwa kwenye hadubini nikaona nyuzi nyeusi zinaelea juu ya chembe. Nikadhani rangi ya slaidi imeharibika. Nikabadilisha slaidi, zikabaki. Nikafuta lenzi, zikabaki. Nikafumba jicho la kushoto, zikatoweka. Ilikuwa damu yangu mwenyewe, imevujia ndani ya jicho. Leza ilizuia isiendelee, lakini kwa jicho lile sioni vizuri pembeni, na usiku ndio kabisa. Nilikwambia wewe na wadogo zako kwamba ni uzee. Haikuwa uzee, nisamehe.

Kisukari chako ni cha aina ya pili, na aina hiyo huweza kukaa mwilini miaka bila kujitangaza. Kwa hiyo macho huchunguzwa mara tu mtu anapogundulika, tofauti na aina ya kwanza ambayo kwa kawaida husubiriwa hadi miaka mitano. Jicho ndipo mahali ambapo mishipa ya damu inaonekana moja kwa moja bila kumpasua mtu. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alitengeneza kifaa cha kutazamia humo mwaka 1851, na leo kamera inapiga picha ya retina kwa sekunde chache. Nani anakisia kwa chembe kitu ambacho kinaweza kutazamwa?

Tena nenda kabla hujaanza hiyo dawa mpya uliyoandikiwa. Sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa ghafla, retina iliyokwisha kuharibika inaweza kuzidi kwa muda kabla ya kupata nafuu, na daktari wako anatakiwa ajue hali yake mapema. Usiiogope dawa kwa sababu hiyo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998, kwa wagonjwa wa aina yako, ulionyesha kwamba kuibana sukari kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25, na presha iliyodhibitiwa vizuri iliyasaidia macho pia. Presha yako hukuniandikia. Niandikie.

Karatasi ya damu itunze, ipeleke, daktari ataisoma pamoja na mengine. Upande wa neutrofili sina wasiwasi nao. Himoglobini yako iko chini kidogo, muulize, maana inaweza kuivuruga hiyo HbA1c unayoitegemea.

Siku ya miadi usiendeshe gari, tafuta mtu akusindikize. Chukua miwani ya jua, mwanga utakuumiza, na maandishi ya karibu yatakuwa ukungu kwa saa kadhaa. Omba wakupe picha za retina zako, macho yote mawili. Nitumie jioni, ukishaweza kusoma simu. Nitakuwa macho nazisubiri.

Mama yako