Tovuti za Tanga zisikae Ulaya wakati wasomaji wake wako Ngamiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wakuu wa shule, waganga wafawidhi wa hospitali za mashirika, viongozi wa SACCOS na AMCOS, wenye hoteli na mawakala wa forodha wa mkoa wa Tanga, juu ya jambo lililo mikononi mwao wenyewe: mahali zinapokaa tovuti zao.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za chini ya bahari zinazobeba intaneti, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Kaskazini nako hakukuwa na nafuu, maana tangu Februari mwaka huo mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu, ukiwamo huo wa SEACOM, ilikuwa imeharibika. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Watu walilalamikia WhatsApp na YouTube, na walikuwa na haki. Hasara ambayo haikusemwa sana ni hii: tovuti ya shule iliyo Ngamiani, hapa Tanga mjini, ikiwa imehifadhiwa kwenye seva (kompyuta inayotunza na kutoa tovuti) ya Ujerumani, haifunguki kwa mzazi aliye mtaa wa Makorora mikongo inapokatika, ingawa mzazi huyo anaweza kwenda shuleni kwa miguu. Ombi lake linatoka kwenye simu, linafika Dar es Salaam, linatafuta njia ya kuvuka bahari, halipati, linafia hapo. Mkongo wa taifa wa nchi kavu ni mzima, umeme upo, mnara unafanya kazi. Kilichokosekana ni ukurasa wenyewe, kwa kuwa tuliupeleka mbali.

Taasisi za umma zenye anwani za .go.tz zina Mamlaka ya Serikali Mtandao ya kuziongoza, kwa hiyo barua hii haiwahusu sana. Nawalenga wengine wote, ambao kwa kawaida walimpa kijana mmoja kazi ya kutengeneza tovuti, naye akanunua nafasi ya bei rahisi huko nje kwa kadi yake, mambo yakaishia hapo.

Hata siku ambazo mikongo ni mizima, umbali una gharama yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 100 kwenda na kurudi hula milisekunde moja. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kilomita kama 350 kwa barabara, ni milisekunde tatu au nne. Kwenda Ulaya kwa njia ya mkongo ni zaidi ya kilomita 10,000, kwa hiyo ni milisekunde 100 na zaidi, kabla hujaongeza muda wa mnara na wa ruta za njiani, vile vifaa vinavyoelekeza mawasiliano. Na safari si moja. Kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu huuliza anwani ya jina, hufungua muunganisho, hukubaliana na seva juu ya usimbaji (kuficha mawasiliano wengine wasiyasome), ndipo iombe ukurasa. Hizo ni safari nne, na baada yake huanza kuja picha na mafaili mengine. Mtu wa Lushoto mwenye mtandao dhaifu anaona duara likizunguka tu, anafunga na kuondoka.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika tracert, acha nafasi, kisha jina la tovuti yako. Itatokea orodha ya ruta ambazo ombi limepitia, na mbele ya kila moja muda wake. Soma muda, usisome majina. Majina ya ruta na ramani za anwani za IP (namba za utambulisho za vifaa mtandaoni) hudanganya mara kwa mara, lakini hakuna anayeweza kuushinda mwendo wa mwanga. Muda ukipanda ghafla kutoka milisekunde 20 hadi 150 na ukabaki huko juu hadi mwisho, ombi lako limetoka nje ya nchi. Rudia kipimo kwa mtandao wa kampuni nyingine, kwa mfano kompyuta ikipata intaneti kupitia simu, kwa sababu njia za kampuni mbili hazifanani. Angalizo: kama tovuti imefunikwa na huduma ya kusambaza nakala, inayoweka nakala za kurasa karibu na wasomaji, utaona muda mfupi na kudhani uko salama, kumbe seva mama, yenye tovuti halisi, bado iko ng'ambo. Muulize fundi wako swali hilo waziwazi.

Kipimo kinaweza pia kuonyesha ombi linakwenda Ulaya na kurudi Dar es Salaam. Hutokea pale kampuni ya msomaji na kampuni inayohifadhi tovuti zinapokosa mahali pa kukutana hapa nchini. Mahali hapo papo: kituo cha kubadilishana intaneti cha Dar es Salaam, TIX, ambako kampuni za intaneti hupeana mawasiliano bila kutoka nje ya nchi, kilianza mwaka 2004, na Arusha ikafuata na cha kwake. Kwa hiyo unapochagua wa kukuhifadhia tovuti, swali la kwanza liwe: mmeungwa TIX, moja kwa moja au kupitia nani? Asiyeweza kulijibu, endelea kutafuta.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Yapo maombi kwamba Tanga nayo ipate kituo chake cha kubadilishana intaneti. Swichi ya milango 24 (kifaa cha kuunganisha mitandao ya kampuni), kabati, betri na ruta mbili si vitu vya kutisha. Lakini kituo hubadilisha kile kilichopo. Kama tovuti za Tanga zote ziko Ulaya, swichi hiyo itawaka taa bila kazi. Tazameni majirani zetu wa Kenya. Kituo chao, KIXP, kilianza mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti baada ya malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa, kikafunguliwa tena Februari 2002. Utafiti wa Internet Society uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mwaka 2012 asilimia kama 30 tu ya mawasiliano ya intaneti ya Kenya ndiyo yaliyopatikana ndani ya nchi, na kufikia 2020 yalikuwa asilimia kama 70. Kituo kilikuwapo muda wote huo. Kilichobadilika zaidi ni kwamba maudhui yalisogezwa karibu: kampuni kubwa zikaweka hifadhi zao Nairobi na Mombasa, vituo vya data vikajengwa, na wenye tovuti wakawa na pa kuziweka. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mambo makubwa ya usimamizi wa intaneti nayo yana uzito wake. AFRINIC, chombo cha Mauritius kinachogawa anwani za IP kwa Afrika nzima, kilikaa bila bodi kamili tangu 2022 huku kesi zikirundikana mahakamani, hadi uchaguzi wa Septemba 2025. Watanzania washiriki huko, wapige kura, waandike maoni. Ila hakuna kikao cha Mauritius wala cha Geneva kitakachohamisha tovuti ya hospitali ya Muheza. Hilo linaamuliwa na mwenye tovuti siku anapolipia mwaka mwingine.

Kuhamisha faili peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kwanza kuna seva za majina, zile zinazojibu kwamba jina fulani liko kwenye anwani fulani. Kwenye dirisha lile la amri andika nslookup -type=ns na jina la kikoa chako, yaani jina la tovuti bila www. Kama zote ziko nje, tovuti yako inaweza kuwa Dar es Salaam na bado isifunguke, maana hakuna wa kuelekeza njia. Weka angalau mbili kwenye mitandao tofauti, moja ndani ya nchi na nyingine nje. Zote kuwa ndani ya jengo moja ni kosa pia.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, ni vitu ambavyo ukurasa unaazima kwa wengine. Tovuti nyingi huita fonti (maumbo ya herufi), skripti (programu ndogo za ukurasa), ramani na vitufe kutoka seva za ng'ambo bila mwenyewe kujua. Fungua tovuti kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya na uangalie majina yote yasiyo yako. Skripti ya nje iliyowekwa juu kabisa ya ukurasa bila neno async au defer humfanya msomaji angojee: mikongo ikikatika, kivinjari hukaa kikiisubiri hadi kichoke, ukurasa ukiwa mweupe, ingawa maandishi yote yameshafika. Dawa ni rahisi. Nakili fonti na skripti hizo kwenye seva yako mwenyewe, na ramani iweke kwenye ukurasa wake wa peke yake, pamoja na picha ya kawaida inayoonyesha njia ya kufika. Fundi anayejua kazi humaliza hayo kwa siku moja.

Tatu, cheti cha usalama, kile kinachokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yako kweli. Vyeti vya bure vinavyotumiwa na wengi hudumu siku 90, na programu huvihuisha yenyewe zikibaki kama siku 30. Kuhuisha kunahitaji kufika nje. Programu ikifanya kazi vizuri, una akiba ya wiki kadhaa, na mara nyingi mawasiliano ya nje hurudi kabla hazijaisha. Ikiwa imeharibika kimya kimya, cheti kitakwisha katikati ya matatizo na wasomaji wataonywa kwamba tovuti si salama. Kagua tarehe ya cheti kila mwezi.

Ninaposema tovuti zirudi nyumbani sina maana ya seva chini ya meza ya mhasibu, Chumbageni. Hewa ya chumvi na unyevu wa pwani yetu hula miguso ya shaba, umeme ukikatika betri ndogo ya UPS hudumu dakika chache, na laini za kawaida za ofisi mara nyingi hazina anwani ya IP ya umma, kwa hiyo mtu wa nje hakufikii kabisa. Nunua nafasi kwenye kituo cha data chenye jenereta, viyoyozi na njia mbili za kutoka. Nakala ya akiba, tofauti na hiyo, iwe mahali pengine kabisa, na ijaribiwe kwa kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiki.

Bei ya hapa nchini mara nyingi ni kubwa kuliko ya nje, na sitaki kuwaficha. Kampuni kubwa za nje hugawa gharama ya seva moja kwa wateja wa dunia nzima, za kwetu huagiza vifaa, hulipia dizeli na zina wateja wachache. Wateja wakiongezeka bei itashuka, lakini hata leo tofauti hiyo kwa shule au hoteli ya Pangani ni ndogo ukilinganisha na kupoteza wiki nzima ya maombi ya nafasi. Hospitali na SACCOS zina sababu ya ziada: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Fomu ya mgonjwa iliyojazwa kwenye tovuti ya Ulaya ni taarifa iliyokwenda nje.

Kagueni pia kikoa kimeandikishwa kwa jina la nani. Kiwe cha taasisi, chenye mwisho unaofaa: .sc.tz kwa shule, .or.tz kwa mashirika, .co.tz au .hotel.tz kwa biashara. Kikiwa kwa jina la fundi, siku akihama mmepoteza jina. Barua pepe ya mawasiliano ya usajili isiwe ndani ya kikoa hichohicho, kwa sababu kikiisha muda na barua pepe inakufa nacho, na taarifa za kuhuisha hazitamfikia mtu.

Siku ya kuhama yenyewe inataka utaratibu. Siku mbili kabla, punguza TTL ya rekodi za kikoa chako, yaani sekunde ambazo mitandao mingine hukumbuka anwani yako ya zamani, kutoka 86400 hadi 300, ili mabadiliko yasambae kwa dakika badala ya siku nzima. Nakili faili na hifadhidata, hakikisha mpangilio wa herufi wa hifadhidata ni utf8mb4, usioharibu maandishi, kisha jaribu tovuti mpya kwa kuandika anwani yake kwenye faili la hosts la kompyuta moja, linaloiambia kompyuta hiyo pekee jina liko kwenye anwani ipi, kabla ya kuwaelekeza wasomaji. Rekodi za MX na SPF, zinazoongoza barua pepe za kikoa, zinakiliwe neno kwa neno. Zikisahaulika, barua pepe za wateja zitagonga mlango kwa siku chache kisha zirudishwe kwa waliozituma. Fanyeni kazi hii Jumanne asubuhi, si Ijumaa jioni ambapo kila mwenye funguo ameshaondoka. Seva ya zamani iacheni ikiwaka kwa wiki moja zaidi, angalieni kumbukumbu zake za waliotembelea hadi zisionyeshe tena wageni, rudisheni TTL ilivyokuwa, ndipo msitishe malipo ya kule.

Wako,
Fundi wa mitandao,
Chumbageni, Tanga