Barua kwa sahibu yangu juu ya insha zinazoandikwa Nairobi

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, natumai shemeji na watoto hawajambo, na kwamba baridi ya huko Uingereza haijawaelemea mno. Sisi hapa Nairobi tu wazima, alhamdulillahi.

Barua yako imenifika, nami nimekaa nayo kwa muda kabla ya kuijibu. Unalalamika kuhusu wanafunzi wako wanaokuletea insha ambazo unahisi kabisa kuwa hawakuziandika wao, kisha unaniuliza, kwa ule upole wako wa siku zote, iwapo ni kweli kwamba nyingi katika insha hizo hutoka kwetu. Ni kweli. Ila naona ni heri nikueleze zinavyotoka, kwa sababu taarifa unazozisoma huko huwataja waandishi hao kana kwamba ni genge la matapeli, ilhali mimi nawajua kama vijana waliokaa katika madarasa yetu, na baadhi yao walikuwa wanafunzi bora kuliko wote.

Ukitoka mjini ukaishika barabara ya Thika, ukapita Roysambu, Zimmerman na Kahawa hadi Juja, utakuwa umepita katikati ya biashara hiyo bila ya kuiona, kwa kuwa haina duka wala bango. Ina chumba kimoja cha kupanga, kompyuta ya mkononi, intaneti ya kulipia, na kijana ambaye hulala mchana kwa sababu wateja wake wa Marekani huamka yeye anapopaswa kulala. Wenyewe hawasemi kuwa wanauza insha. Husema wanafanya kazi za mtandaoni. Mwenye akaunti iliyopata sifa kwa wateja hupokea kazi nyingi kuliko awezavyo kuzimaliza, basi huwagawia wengine, akabaki na sehemu nono ya malipo. Akaunti zenyewe huuzwa na kukodishwa, na aliye chini kabisa, ambaye ndiye aliyesoma makala na kuandika kurasa kumi usiku kucha, hupata kile kilichosalia. Mmoja wao, ambaye shahada yake ni ya takwimu, aliniambia kwamba amewaandikia wanafunzi wa uuguzi kwa muda mrefu kiasi kwamba anaweza kufanya mtihani wao wa mwisho bila ya kufungua daftari. Alisema hivyo kwa fahari, na mimi sikujua nicheke au nisikitike.

Wajua historia iliyotufikisha hapa, kwani nawe uliishi sehemu yake. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa, mwaka 2008 serikali ikaanza kugharamia masomo katika shule za upili za kutwa, na vyuo vikuu navyo vikapanuka kwa haraka ambayo haikungoja wahadhiri wala maktaba. Vijana waliambiwa kuwa elimu ndiyo ngazi, nao wakaipanda, wengi wao kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao unapaswa kulipwa hata kama kazi haikupatikana. Kazi ilipokosekana, serikali yenyewe ndiyo iliyowaelekeza mtandaoni: mwaka 2016 ilianzisha mpango wa Ajira Digital, ukiwafunza vijana jinsi ya kutafuta riziki kwa kompyuta. Haukuwafunza udanganyifu, na sitaki kuusingizia. Lakini kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni, akaambiwa auze ujuzi wake katika soko la dunia, hakukawia kugundua kwamba mnunuzi mwenye haraka na pesa ni mwanafunzi wa ng'ambo mwenye insha ya kuwasilisha asubuhi.

Usinielewe vibaya. Siitetei kazi hiyo, na muuguzi aliyenunua diploma yake nisingependa anidunge sindano. Ninachokikataa ni jinsi lawama zinavyogawanywa. Bunge lenu lilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwa kosa la jinai, katika England, kutoa au kutangaza huduma ya kuwafanyia wanafunzi kazi zao za masomo. Mwanafunzi anayenunua hakutajwa kuwa mhalifu. Huyo ameachiwa chuo chake kimrudi, na chuo hicho, kama unavyojua kuliko mimi, kinaitegemea ada anayolipa. Kwa hiyo mwenye jina kwenye karatasi hupewa onyo, na asiye na jina ndiye mhalifu.

Na sasa tuseme kijana huyo wa Roysambu anataka kuacha njia ya mkato na kuja kwenu kusoma kwa jina lake mwenyewe. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake wanaoomba viza ya masomo hawatakiwi kuthibitisha kwamba wanajua Kiingereza, na Kenya haimo. Yeye aliyesoma karibu kila somo kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, akafanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, kwa Kiingereza, akaandika tasnifu yake kwa Kiingereza na nyinginezo nyingi za Waingereza, aghalabu huambiwa alipie mtihani wa kuonyesha kuwa anaweza kuandika aya mbili zenye mantiki. Kisha alipe ada ya kuomba nafasi palipo na ada hiyo, alipe viza, alipe pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya huduma za afya, na aonyeshe kuwa ana fedha benki za kumtunza. Mwanafunzi wa kwenu, kwa miaka kadhaa hadi 2025, alitozwa ada isiyozidi pauni 9,250 kwa mwaka na akakopeshwa ya kuilipa. Mgeni hutozwa zaidi ya hapo, tena bila ya mkopo. Insha ya kijana wetu imepokewa katika chuo ambacho mwenyewe hawezi kukanyaga.

Nimefika sasa penye jambo ambalo huenda hukulisikia, nalo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya yote. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilipotoka ChatGPT, programu ya kompyuta inayoweza kuandika insha yenyewe, kazi za insha zilipungua ghafla, kwa kuwa wengi katika wanafunzi wa ng'ambo hawakuona tena haja ya kumlipa mtu. Mwezi Januari 2023 jarida la Time likafichua kwamba mashine hiyo ilikuwa imesafishwa papa hapa Nairobi. Kampuni ya OpenAI, iliyoiunda, ilikuwa imetoa kandarasi mwaka 2021 kwa kampuni ya Sama, na wafanyakazi wa Kenya wakapewa maandishi ya kutisha, ya watoto kunajisiwa, ya mauaji, mateso na watu kujiua, wayasome moja baada ya jingine na kuyawekea alama, ili mashine ijifunze kuyaepuka. Kwa mujibu wa jarida hilo, mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa; mfanyakazi alibaki na kati ya dola 1.32 na 2. Sama iliukatiza mkataba huo mapema mwaka 2022, baada ya watu kuumia. Yaani vijana wa mji huu walianza kufungiwa mlango na chombo ambacho vijana wenzao wa mji huu huu walilipwa vijisenti kukifunza adabu. Sidhani kuna mhadhara wa utandawazi ninaoweza kuutoa darasani ukafika mbali kuliko tukio hilo moja.

Ila kuna upande wa habari hii unaonipa moyo. Kampuni hiyo hiyo ya Sama ilikuwa pia ikichuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta, mmiliki wa mtandao huo, ikiajiri vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko kwa sababu ya lugha zao. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifutwa kazi mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, na mwezi Mei 2022 akazishtaki kampuni zote mbili hapa Nairobi. Mwaka 2023 wachujaji wengine zaidi ya 180 walikwenda mahakamani walipoachishwa kazi, na siku ya Mei Mosi mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa kampuni mbalimbali walikutana mjini humu wakapiga kura ya kuunda chama chao. Meta ilidai kwamba haina ofisi hapa na kwa hivyo haiwezi kushtakiwa hapa. Mahakama ya ajira na leba ilikataa hoja hiyo, na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikaikataa.

Hukumu yenyewe ni kavu, kama zilivyo hukumu zote, lakini fikiria maana yake: anayenunua akili ya kijana wa Nairobi hawezi kujificha nyuma ya dalali na kusema kuwa hamjui. Muda si muda ulitokea mswada wa kuifanyia marekebisho sheria ya biashara, ukitaka kampuni inayotoa kazi kwa njia ya kandarasi isibebeshwe madai ya wafanyakazi wa mwenye kandarasi, kwa hoja kwamba wawekezaji watatukimbia. Mimi hoja hiyo naijua tangu zamani. Kila mara mtu wa kwetu anapodai haki yake huambiwa kuwa anafukuza wageni. Vijana wenyewe hawakuikubali, na nimewaona wanafunzi wa mwaka wa pili wakisoma kifungu cha mswada kwa makini ambayo sijawahi kuiona wakiitumia kwenye orodha yangu ya vitabu.

Basi unapouliza ufanye nini na wale wanafunzi wako, sina ushauri mkubwa. Waite waeleze kwa mdomo walichokiandika. Mbinu hiyo ni ya zamani na haihitaji programu ya kugundua wizi. Ninayo haja nyingine kwako, iliyo karibu zaidi.

Kwanza, wewe umo katika kamati ya udahili ya idara yako. Alama ya Kiingereza ya KCSE inaweza kukubaliwa na chuo kuwa uthibitisho wa kutosha, na vipo vyuo vinavyofanya hivyo. Uulize chenu kwa nini hakifanyi, na udai jibu kwa maandishi.

Pili, na hili nakuomba ulipokee kama maneno ya ndugu: utafiti wenu wa Kwale. Umeniandikia kuwa mtahitaji vijana sita wa kuwahoji wazee, kunukuu mahojiano na kuyatafsiri kutoka Kidigo na Kiswahili, na kwamba bajeti ina posho yao ya siku. Nimeona tafiti za namna hiyo zikija na kuondoka. Kijana ndiye ajuaye nyumba ya kuingia, namna ya kumwamkia mzee na swali lisilofaa kuulizwa mbele ya wakwe. Makala yanapotoka, yeye huwa amegeuka mstari wa shukrani usio na jina, "wasaidizi wetu wa nyanjani". Sioni tofauti kubwa kati yake na yule wa Roysambu, isipokuwa kwamba hii ya kwenu ni halali na ina muhuri wa chuo.

Ninao wanafunzi wanne wa pwani wanaoifaa kazi hiyo, wawili kati yao ni Wadigo wa Msambweni. Sitawaleta kwako mpaka mkataba wao useme wazi kwamba atakayechangia uchambuzi ataandikwa miongoni mwa waandishi wa makala, na kwamba nakala ya mahojiano itabaki hapa ili waweze kuitumia katika tasnifu zao. Najua utahitaji kuwashawishi wenzako, na najua wafadhili wenu wana fomu zao. Niandikie watakavyosema kabla ya mwisho wa mwezi ujao, kwa sababu vijana hao wameshaanza kutafutwa na watu wengine.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto.

Wako,
sahibu yako wa tangu madrasa