Mwanangu, yule kifaru wa mabati

Neema mwanangu,

Ile picha uliyonitumia wasap nimeiona. Umeuliza kwa nini huyo kifaru amevalishwa kama askari na kwa nini ana kipembe kingine juu ya shingo, sasa soma taratibu maana hii stori inaniuma.

Aliyeichora ni Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg, mwaka 1515, na hakuwahi kumwona huyo mnyama hata siku moja. Kifaru mwenyewe katoka India, sultani wa Gujarat alimpa gavana wa Wareno, naye akampakiza melini pale Goa hadi Lisbon kwa mfalme Manuel wa Ureno, wakafika Mei 1515, na Ulaya tangu enzi za Warumi walikuwa hawajamwona kifaru hai, basi mji mzima ukamkimbilia. Huko Nuremberg ikafika barua na mchoro tu wa mtu mwingine, yaliyobaki Dürer akajazia mwenyewe, mikunjo ya ngozi ikawa deraya, yaani vazi la chuma la askari, yenye ribiti, miguu ikaota magamba, na kile kipembe kikabandikwa pale juu. Kifaru wa India ana pembe moja tu, puani! Hata hawa wetu wenye mbili, zote ziko usoni, si shingoni.

Na watu wakaamini. Zaidi ya miaka 200 wakawa wananakili mpaka kwenye vitabu vya elimu, kipembe hakitoki, maana picha imechorwa kwa ustadi na imejaa vitu vidogovidogo, nani angeitilia shaka.

Wakati mwaka huohuo wa 1515 mchoraji mwingine Mjerumani, Hans Burgkmair wa Augsburg, alimchora kifaru yuleyule, naye hakumwona, lakini wake hana mabati na miguu ya mbele ina kamba, yaani mfungwa kama alivyokuwa kweli. Ya kwake imebaki nakala moja tu, iko Vienna. Ile ya mabati ikaenea, hii ikabaki moja, mimi hilo naona ni dhuluma kabisa.

Mnyama mwenyewe maskini mfalme alimtuma zawadi kwa Papa Leo X, mapema 1516 meli ikazama pwani ya Italia akafa na minyororo yake, hata kuogelea hakuweza.

Kwenye projekti yako ya shule iweke tu, ni nzuri kweli, ila kando yake weka na ya Burgkmair, chini uandike kwamba wote wawili hawakumwona. Halafu nitumie niisome kabla hujampa mwalimu.

Mama yako